Spika Zilizopendeza Dukani

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi katika nyumba ya ghorofa Upanga, Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimesikiliza muziki kwa spika za KEF LS50 na amplifaya ya wati 50. Nimeweka akiba ili nipate spika bora zaidi, na hivi karibuni nilizibeba LS50 zangu hadi dukani nikazilinganishe na Bowers & Wilkins 805 D4. Muuzaji alihama kutoka jozi moja hadi nyingine bila kugusa kiwango cha sauti, na kila mara 805 zilisikika pana, wazi na zenye uhai zaidi. Sebule yangu ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, sakafu ni ya marumaru, na kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Je, nizinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, ulifanya jema kuzibeba spika zako, kwa kuwa wengi hulinganisha spika mpya na kumbukumbu tu ya zile walizoziacha nyumbani. Hata hivyo, kule kutogusa kiwango cha sauti, ambako huenda muuzaji alikuona kuwa ndiyo haki, ndiko kulikoharibu ulinganisho wenu. LS50 ikipewa volti 2.83 na kupimwa kwa umbali wa mita 1 hutoa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali 805 D4 kwa kipimo hichohicho hutoa 88. Desibeli 3 ni sawa na kuizidishia amplifaya nguvu mara mbili. Sikio likipewa sauti mbili zinazokaribiana, ile yenye nguvu kidogo zaidi hulidanganya kuwa ndiyo safi na yenye uhai, kwa hiyo sehemu ya ulichokipenda siku ile ilitokana na ukubwa wa sauti, na hatuwezi kujua ni sehemu gani mpaka jaribio lirudiwe.

Liombe duka likuazime jozi hiyo kwa siku mbili, hata kwa kuacha dhamana. Weka simu yenye programu ya kupimia sauti pale kichwa chako kinapokuwa unapoketi, piga mvumo uleule usiobadilika kwa kila jozi, kisha rekebisha amplifaya hadi namba zilingane, zisipishane zaidi ya nusu desibeli. Kila jozi na ikae mahali palepale zamu yake inapofika. Mtu wa nyumbani akibadilisha spika nyuma ya kitambaa chepesi itakuwa bora zaidi. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionesha mwaka 1994 kwamba wasikilizaji wanaoziona spika huzipa alama tofauti na wanazozipa zikiwa zimefichwa, na waliokuwa na uzoefu nao hawakusalimika. Chagua muziki unaoujua kwa undani: taarabu yenye kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla, dansi yenye gitaa la besi linalotembea, na sauti ya mtu akizungumza tu, maana sauti ya binadamu ndiyo tuliyoizoea kuliko ala yoyote.

Katika besi ndiko ninakotarajia faida ya kweli, na ndiko ninakoiogopa sebule yako. LS50 hushuka hadi karibu hezi 79, yaani mitetemo 79 kwa sekunde, kabla ya kuanza kufifia, na 805 D4 hushuka hadi 42. Chumba chenye upana wa mita 4, kuta zake zikiwa za zege au tofali zito kama ilivyo katika majengo mengi ya Upanga, hukuza mvumo wa hezi 43 hivi, kwa sababu wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 8, yaani mara mbili ya upana wa chumba. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutoa hezi 41. Spika zako za sasa haziufikii vizuri mvumo huo, kwa hiyo chumba hakijawahi kukusumbua. Hizo mpya zitauamsha, na noti moja inaweza kuvimba na kuzifunika nyingine. Ukilisikia hilo, livute kochi litoke ukutani angalau nusu mita, zisogeze spika mbali na pembe, na ujaribu vile vizibo vya sponji vinavyokuja nazo kwa ajili ya tundu la besi.

Marumaru ni tatizo jingine, na dawa yake ni nafuu. Zulia nene kati ya spika na kochi, pamoja na mapazia mazito, hupunguza mng'ao mkali wa sauti za juu, ingawa kwa besi havisaidii kitu. Mimi ningetandika zulia kabla ya kuziazima hizo 805, kisha nikazisikiliza LS50 kwa wiki nzima katika chumba kilichotulia, ili jozi mpya ishindane na ya zamani ikiwa katika ubora wake.

Angalia pia nyuma ya amplifaya yako. Ukinzani wa 805 D4, yaani jinsi spika inavyoupinga umeme wa amplifaya, hutajwa kuwa omu 8, lakini katika baadhi ya masafa ya sauti hushuka hadi 4.6, hivyo amplifaya iwe imeidhinishwa kwa omu 4. Ikiwa imeidhinishwa, wati zako 50 zinatosha kwa sebule hiyo, na huna sababu ya kununua nyingine kwa sasa.

Duka likikataa kuazima, rudi nazo LS50 zako, rudieni jaribio hapohapo mkiwa mmesawazisha sauti, na usilipe siku hiyohiyo.