Mnaotaka kumuenzi bibi kwa ghala la chakula: yanayoliua ghala mwaka wa pili

Mkuu, pole na msiba, na poleni familia nzima. Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi anatoka ukanda wa chini wa Wanging'ombe. Wamefiwa na bibi ambaye kila Februari alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajapika, akasimama na wajane kwenye baraza la ardhi, akagombana na walanguzi juu ya debe. Watu wamechanga. Wengine wanataka mnara wenye marumaru njia panda, wengine wanataka ghala lenye jina lake. Anauliza lipi, na kama ni ghala, waanzie wapi.

Ghala. Mnara haulishi mtu Februari. Ila ghala likiendeshwa ovyo litamharibia marehemu jina kuliko kutokuwa na kitu chochote, kwa hiyo nitajikita kwenye yanayoharibika. Nimeshika daftari na ufunguo wa ghala la namna hii. Yanayolibomoa si mengi, na yote yanaonekana mapema.

La kwanza ni kiwanja. Msijenge kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu, hata familia ikiwa na moyo kiasi gani. Leo watoto wamekubali, kesho mjukuu anarudi kutoka mjini na kufuli lake. Ombeni eneo serikali ya kijiji, ajenda ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Chukueni nakala ya muhtasari wenye saini na mhuri siku hiyohiyo. Mkutano mkuu wa kawaida ni kila miezi mitatu, kwa hiyo mkikosa huu mmeshapoteza robo mwaka. Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hilo halina ugumu mkiwa na katiba na orodha ya wanachama.

Ukubwa. Watu wanaota ghala la gunia 500, wanaishia na jengo lenye popo. Pigeni hesabu kutoka jikoni. Nyumba ya watu sita inakula karibu debe moja la mahindi kwa wiki. Njaa yenu ni Januari hadi Machi, wiki 12 hivi, ambazo ni debe 12, yaani gunia mbili. Kama nyumba zinazokauka kabisa ni 30, mnahitaji gunia 60. Kaya 120 zikitoa kilo 50 kila moja wakati wa mavuno, tani sita hizo hapo. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha, na nafasi ya kupita inabaki.

Nimesema kilo, sikusema debe, na hapa ndipo ugomvi wa bibi na walanguzi ulipokuwa. Debe la lita 20 likisawazishwa kwa fimbo linatoa kama kilo 15. Lilelile likijazwa mpaka kilima linafika 17 au 18. Mlanguzi anapima kwa kilima akinunua na kwa fimbo akiuza, na tofauti ya debe sita ni zaidi ya kilo kumi kwa kila gunia. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo, ni wizi uleule wenye kofia. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini sheria bila mizani kijijini ni karatasi. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya michango isinunue bati, inunue mizani ya kusimama ya kilo 150 au 200, yenye alama ya Wakala wa Vipimo. Ihakikiwe kila mwaka. Achaneni na ile ya kuning'iniza yenye springi. Ikitumika sana springi inalegea, kisha kila mtu anamwona mwenzake mwizi. Na mizani ikae mahali ambapo mwanakijiji yeyote anayeuza kwa mnunuzi wa nje anaweza kupima kwanza bure. Mkitaka kuandika jina la bibi mahali, liandikeni hapo.

Sasa unyevu, na hapa naomba msome taratibu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mkishuka hadi 13 mnalala usingizi. Ukanda wenu jua lipo, tofauti na ndugu zetu wa Makete ambao baridi inawachelewesha. Pukuchueni, anikeni juu ya turubai (kamwe si udongoni), kina kisizidi sentimita tano, geuzeni kila saa, funikeni kabla ya umande. Kama kipima unyevu hakipo, tumieni chumvi. Chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mahindi theluthi moja ya chupa, vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi 15, rudisha juani. Isipogandamana usishangilie: kipimo hiki kinasema tu kwamba uko chini ya 15 au hapo karibu, hakisemi umefika 13. Ongeza siku mbili za jua, au azima kipima unyevu kwa afisa ugani au mnunuzi mkubwa aliyepo Makambako.

Kosa la kupokea mahindi mabichi lina sura mbili. Moja ni sumukuvu, sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Haitoki kwa kuosha, haitoki kwa kupika, na mahindi yenye nayo yanaweza kuonekana safi kabisa. Ya pili ni ya kijamii zaidi: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 16 likikauka hadi 13 linabaki kilo 96 na nusu. Kwa gunia 60 zimepotea kilo 210 hewani, na mtunza ghala anaitwa mwizi bila kula hata punje. Nimeona kamati zikivunjika kwa hesabu hii tu. Pimeni unyevu mlangoni, andikeni kwenye daftari, mbichi yarudi nyumbani hata kama ni ya mwenyekiti.

Wadudu. Dumuzi, ambaye wazee bado wanamwita Scania, anageuza gunia kuwa unga kati ya mavuno na Krismasi. Tumieni mifuko ya PICS, wengi wanaiita kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni ndani, wa kusuka nje. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa nailoni, ubane mdomo, ukandamize usikilize kama unapumua. Jaza wa ndani, toa hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kamba. Wa pili hivyohivyo. Wa nje hivyohivyo. Ukifunga yote kwa kamba moja umefanya kazi bure. Wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa, hivyo dawa ya unga haihitajiki humo ndani. Kinachoharibu ni vipande vya magunzi na mawe vinavyotoboa, kuburuta gunia sakafuni, panya, na udadisi wa kamati. Ndiyo, udadisi. Mgeni akija, gunia linafunguliwa aone; kila ukifungua umeingiza hewa na wadudu wanapata nguvu upya. Wekeni gunia moja la maonyesho, mengine yasiguswe mpaka Januari. Chaga za mbao ziinuke sentimita 10 au 15, rundo liache nusu mita kutoka ukutani ili paka na mkaguzi wapite.

Gunia mbili tatu za ulezi ziwepo. Ulezi unakaa miaka bila kusumbuliwa na wadudu, wazee wetu hawakuupenda kwa ajili ya pombe tu.

Mkopo. Kazi ya ghala hili ni kumzuia mtu asiuze mahindi yakiwa bado kijani shambani kwa bei ya kutupa, mchezo ambao kwenye kahawa Mbinga wanauita magoma na Kagera butura. Kwa hiyo riba yenu lazima iwe ndogo kuliko ya mlanguzi lakini isiwe sifuri. Chukua kilo 100 Januari, rudisha 115 Julai. Kilo tano zinafidia upungufu, tano zinanunua mifuko mipya, tano zinakuza akiba. Irudishwe mahindi, si fedha. Ikirudi fedha itaishia kwenye harusi. Wazee wasio na nguvu kazi wasikopeshwe, watengewe fungu, tuseme gunia sita kati ya 60, na majina yao yapitishwe kwenye kitongoji, si na mwenyekiti peke yake. Makufuli matatu, funguo tatu, watu watatu wa vitongoji tofauti, na angalau wawili wawe wanawake kwa sababu wao ndio wanaojua chungu cha nani kimekauka.

Njaa hiyohiyo ndiyo sababu sherehe ya kumbukumbu isifanyike tarehe aliyofariki bibi. Umesema ni Februari. Kulisha watu 300 mwezi wa njaa ni kula akiba ya aliyepigana na njaa. Fanyeni Julai, siku ya kurudisha mikopo: ibada asubuhi, mizani mchana, majina ya waliorudisha yasomwe hadharani. Aibu ya mkutano inakusanya madeni kuliko mgambo.

Upande wa wajane mmeusahau kwenye mipango yenu. Karatasi alizoacha bibi za kesi zao zisitupwe wala kugawanwa kama vitenge. Pigeni picha kila ukurasa mchana, karatasi imenyooka, kisha nakala moja ikae ofisi ya kijiji. Mihtasari ya usuluhishi wa baraza la ardhi la kijiji ni ushahidi hai kwa wajane ambao mashemeji watarudi kudai ardhi. Baraza hilo lina wajumbe saba, watatu lazima wanawake. Kama bibi alikuwa mjumbe, angalieni kama nafasi yake imejazwa na mwanamke au imeachwa wazi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke wote wawili. Mwenye shamba la pamoja aandikishe sasa, wakati mume yu hai. Msaidizi wa kisheria wa kata hatozi.

Mwaka mvua zikikata na watu wakashindwa kurudisha, msisamehe wote na msikamate mbuzi wa mtu. Andikeni deni upya lirudishwe kwa misimu miwili bila kuongeza riba, na aliyevuna akaficha apelekwe mkutano mkuu. Amueni hilo kwenye katiba kabla ya gunia la kwanza kuingia, maana mkiliamua siku ya njaa mtaliamua kwa kuangaliana sura.