Kuunda modeli ya boti ya ndara ya Mto Thames: fikiria tezi kwanza

Waingereza huiita boti hii kwa jina la ndara. Itazame ubavuni utaona sababu: sitaha ya tezini, yaani nyuma ya boti, inateremka taratibu mpaka inalala juu ya maji, kama kisigino cha sapatu. Umbo hilo lina kazi yake. Juu ya Teddington, ambako maji kujaa na kupwa hakufiki, mwendo wa boti kwenye Thames una ukomo wa kilomita 8 kwa saa, na tezi bapa husaidia chombo kupita bila kuacha wimbi la kula kingo. Karakana ya Andrews ya Bourne End, kijiji cha kando ya Thames, ilijijengea jina kwa boti za aina hii. Mteja anayeagiza modeli ya boti yake huulizia vanishi na jina. Fundi aulizie tezi.

Chagua skeli ya 1:8. Boti ya futi 25 kwa 6 inakuwa milimita 953 kwa 229. Ukishuka hadi 1:12 unapata milimita 635 tu, saizi nzuri ya kabati la kioo, ila majini itakusumbua. Uzito hupungua kwa kipeo cha tatu cha skeli (8 × 8 × 8): boti ya tani 1 yenye abiria, kwa 1:8, inakupa takriban kilo 1.95, kwa 1:12 ni gramu 579 tu, na ndani ya hizo uweke mota, betri na mbao zote.

Pima boti yenyewe ikiwa nchi kavu, imekaa sawa kwa pimamaji. Gawa urefu sehemu 10, na kila alama shusha timazi kutoka ukingoni, kisha pima umbali wa kamba hadi ubavuni kila sentimita 10 kwenda chini. Sehemu ya mwisho, ya tezini, igawe tena mara nne, maana hapo mkunjo unabadilika haraka. Piga picha za kila kishikizo cha kamba, saa ya injini na mshono wa kiti, rula ikionekana. Hakuna boti mbili zilizofungwa vifaa sawasawa, na mwenye boti ndiye wa kwanza kuona kosa.

Mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, ukate kwenye plaiwudi ya milimita 6, mataruma, yaani mbavu zake, kwenye ya milimita 4. Alama 10 hukupa nafasi ya milimita 95, pana mno: mbao nyembamba zitabonyea katikati. Ongeza taruma kati ya kila mawili, upate mataruma 19. Kabla ya kukata, punguza unene wa mbao za nje. Ngozi ya kwanza ikiwa milimita 2 na ya pili 0.6, toa milimita 2.6 kila upande. Ukisahau, boti inanenepa milimita 5.2, na sitaha uliyochora kwa vipimo vya kweli haikai.

Yasimike mataruma kichwa chini juu ya ubao mnene ulionyooka. Kingo zake zisugue mshazari kwa msasa uliobandikwa kwenye rula ndefu, ukipita juu ya mataruma matatu au manne kwa pamoja. Halafu bandika mbao kwa zamu, moja kulia, moja kushoto. Anayemaliza upande mmoja kwanza atakuta mkuku umepinda, na hakuna msasa wa kuunyoosha. Omoni, yaani mbele, punguza upana wa kila ubao, lakini usipite nusu. Ukibanwa, acha ubao mmoja uishie njiani. Ndani paka epoksi juu ya kitambaa chepesi cha nyuzi za kioo.

Sasa tezi. Ubavu na sitaha vinakutana kwenye ukingo mwembamba, na hapo plaiwudi hunyonya maji, huvimba, na vanishi hupasuka. Tumia kipande kizima cha mbao ngumu, kichongwe kwa randa na tupa, mbao za juu na chini zikiishia juu yake. Loweka kwa epoksi nyepesi kabla ya kupaka chochote.

Kwa ngozi ya nje, mahogani isichaguliwe kwa jina. Mkangazi ni mbao nzuri, ila nyuzi zake hupishana, na vinyweleo vyake kwenye skeli hii huonekana kama mashimo. Mpeasi uliotiwa rangi unafanana zaidi na mahogani ya boti kubwa. Mistari myeupe ya sitaha, ambayo kwenye boti ni kama milimita 6, iwe vipande vya mbao nyeupe vya 0.75. Tia rangi mbao nyekundu kabla ya kuziunganisha, la sivyo rangi inaingia kwenye mistari na haitoki.

Mota ya mwendo wa polepole, mhimili wa milimita 4, rafadha ya shaba yenye mapanga matatu, milimita 40 hivi. Kasi sahihi si 8 gawanya kwa 8, bali 8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 8 (2.83): kilomita 2.8 kwa saa. Ukizidisha sana, tezi inazama na maji yanapanda sitaha. Mota na mhimili viunganishe kwanza kwa bomba gumu, kaza skrubu za mota, ndipo uweke kiungo kinachojikunja. Ukianza na kiungo hicho kitaficha upindaji, na betri itaisha mapema.

Kabla ya kufunga sitaha, ielee kwenye beseni ikiwa na betri na vitu vyote. Tezi ikizama milimita 5 tu, sura ya ndara imepotea. Sogeza betri mbele. Farumi ya risasi, yaani uzito wa kuisawazisha boti, iwe ya mwisho, na ibandikwe juu ya mkuku.

Vanishi: mkono wa kwanza nusu kwa nusu na thina, kisha mikono minane myembamba, msasa wa maji namba 600 kati yake, saa 24 kila mmoja. Siku ya mvua acha, vanishi itafanya ukungu. Jina liandike baada ya mkono wa sita, kutokana na picha ya herufi zilizoko kwenye boti, ili mitatu ya mwisho ilifunike.