Wimbo wa Pili, Upande wa B

Baba yangu aliendesha lori kati ya Busia kwetu mpakani na Kampala, na ndani ya lori mlikuwa na kaseti moja ya Afrigo Band, bendi ya Uganda, iliyopigwa mpaka maandishi yake yakafutika. Hakuna nyumbani aliyejua jina la wimbo hata mmoja. Tuliziita kwa nafasi zake, na wangu mimi ulikuwa wa pili, upande wa B. Kiganda hatukijui. Kwetu ni Kiswahili na Kisamia, kwa hiyo nilikariri sauti tu, na pale nilipokwama nikajaza maneno yangu. Tena kulikuwa na mahali tepu ilipokatika, Baba akaiunga kwa selotepu. Wimbo ukifika pale unaruka, na sisi watoto tunaruka nao.

Afrigo nimewaona jukwaani, Kampala, nikiwa na miaka 38. Kilichonichelewesha ni neno moja, "mwakani". Kila walipotangazwa nilisema hawa wapo tu, hawaendi popote. Ni kweli wapo. Bendi hiyo ilianza 1975, na ni bendi chache sana za Afrika Mashariki zilizodumu hivyo. Lakini mzee Moses Matovu, mwenye saksafoni na ile sauti, alizaliwa 1949. Mtu wa 1949 humwambii mwakani. Kama msanii wako ni wa umri huo, acha kusoma hapa kwanza, tafuta tarehe, kisha urudi.

Tiketi yangu ya kwanza niliuziwa na kijana kwa simu. Nikatuma pesa, namba ikazimwa. Siku yenyewe nikanunua nyingine mlangoni kwa shilingi 50,000 za Uganda, nikiwa nimenuna. Nunua panapotajwa kwenye tangazo lao wenyewe, basi.

Bango lilisema saa kumi na mbili jioni. Mimi mtu wa mpakani nikafika saa kumi na moja, nikakuta vijana wanapanga viti kwenye nyasi. Watu wa Kampala walianza kuingia saa mbili, wamenukia, hawana haraka. Nilijiona mjinga, lakini kule kuwahi ndiko kulikoniokoa. Kwanza niliona mafundi wakijaribu vyombo, kimoja kimoja, ngoma, besi, gitaa, mpaka matarumbeta. Ni nusu ya raha na hailipiwi. Pili nilipata nafasi ya kuuliza. Nilimsogelea fundi wa mitambo, nikamsalimu, nikamuuliza nikae wapi. Akacheka, akagonga meza yake. "Hapa nyuma yangu, ssebo. Mimi sauti naipanga kwa masikio yangu nikiwa hapa. Pakiwa pazuri kwangu, ni pazuri na kwako."

Sikiliza huyo. Watu wote hukimbilia mbele, na mbele kabisa kuna meza za wenye kampuni na, kando yake, spika zilizopandishwa kama ghorofa. Ukisimama pale unasikia besi kifuani, mwimbaji humsikii, na kesho masikio yanalia. Meza ya fundi huwa katikati, nyuma kidogo ya umati. Humuoni msanii jasho lake, lakini kila chombo unakisikia mahali pake. Kwa bendi yenye wapulizaji, mimi nachagua masikio.

Nikiwa hapo, neno kuhusu sidi. Uganda tumezoea msanii anapanda na kipaza sauti, nyuma yake sidi inaimba kila kitu pamoja na sauti yake mwenyewe, yeye anaruka na kuuliza kama tuko sawa. Siwalaumu wote, bendi ni gharama. Lakini kama unasafiri kilomita 200 kumuona mtu, uliza kwanza kama kuna bendi. Sidi hiyo hiyo unayo kwenye simu.

Mambo mengine kwa haraka. Vaa viatu vilivyokwisha kukuzoea. Beba koti, usiku wa Kampala una baridi yake. Kula kabla, maana nyama inayouzwa humo ukumbini hulipiwa kama bibi harusi. Lipia kitanda mapema karibu na ukumbi, usijidanganye kwamba utapata teksi ya kurudi Busia saa nane usiku. Na ukiingia tu, angalia milango yote, si ule mmoja ulioingilia. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, kwenye jengo moja la maduka hapa Kampala, watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana walipotoka kwenda kutazama fataki, wengi wao vijana wadogo. Tangu hapo mimi nikipanga miadi na wenzangu ya mahali pa kukutana, napanga nje ya geti.

Sasa bendi yenyewe. Walipopanda nilitoa simu kama kila mtu. Nikarekodi wimbo mmoja mzima, na leo nikiutazama naona migongo ya watu na nasikia kicheko changu. Nikaiweka mfukoni. Nyimbo tatu zikapita nisizozijua. Nikaanza kununa tena, maana nilikuja kudai kaseti yangu, na wale hawakuja kucheza kaseti. Wimbo wa dakika tano wanaunyoosha mpaka robo saa. Mpuliza saksafoni anautoa barabarani, anazunguka nao vichakani, anaurudisha mwenyewe anapotaka.

Ndivyo wimbo wa pili upande wa B ulivyonipita ukiwa umeanza. Mwendo ulikuwa wa polepole, gitaa limepigwa vingine, sikuutambua. Ni pale matarumbeta yalipoingia ndipo ngozi ilipojua kabla yangu. Nikaanza kuimba kwa nguvu Kiganda changu cha lori. Mama mmoja wa makamo mbele yangu, amevaa gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda, akageuka, akanisikiliza kwa makini, kisha akacheka mpaka akashika mkono wa mwenzake. "Mwanangu, hayo unayoimba ni maneno gani?" Nikamwambia sijui, mama. Akasema yeye pia hajui, tuendelee.

Tukafika pale pa selotepu. Mimi nikaruka. Miaka thelathini na zaidi naruka pale, mwili umeshazoea. Bendi haikuruka. Nikabaki mbele peke yangu na neno langu mdomoni, na wao wakaimba kipande ambacho sijawahi kukisikia maishani, mistari minne hivi, sauti za kike zikijibu ya kiume. Nilisimama tu. Sikumbuki wimbo uliofuata.

Asubuhi, njiani kurudi, teksi iliposimama Namawojjolo nikanunua gonja, ndizi za kuchoma, nikampigia Baba simu. Sauti yangu ilikuwa imekauka. Nikamwambia, Baba, pale tunaporuka kuna kitu, na nikajaribu kumwimbia, abiria wananitazama. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Mashine ilikitafuna pale Naluwerere, njiani," akasema. "Tumeegesha, mvua kubwa. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Hebu imba tena."