Maswali ya Wasomaji: Jiografia bila maabara

SWALI: Likizo ya Juni nina siku tatu za kuwanoa walimu wenzangu wa kata, wanaofundisha darasa la sita hadi kidato cha pili. Hatuna maabara wala sampuli za miamba. Tuanze na nini? Na bonde la ufa tulionyesheje?
Mwalimu, Uvinza, Kigoma

JIBU: Mwalimu, anza na udongo asubuhi ya siku ya kwanza, maana ndio unaokula muda. Chukua chupa angavu ya lita moja yenye mdomo mpana. Jaza theluthi moja udongo uliotolewa mawe na mizizi, ongeza maji hadi karibu na shingo, weka kijiko cha chai cha sabuni ya unga, kisha tikisa dakika tano. Itue pasipopitwa na watu. Weka alama ya kalamu pale udongo uliotua ulipofikia: baada ya dakika moja (mchanga), baada ya saa mbili (tope laini), na kesho yake (mfinyanzi). Maji yakibaki machafu siku ya pili, ama sabuni ilizidi, ama mfinyanzi ni mwingi; subirini siku ya tatu. Majani yanayoelea msiyapime.

Kwenye mawe ndiko walimu wengi hukwama, kwa kuwa hukimbilia jina. Kila mmoja aandike kwanza anachokiona: punje, rangi, tabaka. Jina lije mwisho. Msiokote kokoto za barabarani, huenda zilisombwa kutoka mbali. Chukueni kwenye mwamba wenyewe. Lifunikeni jiwe kwa gunia kabla ya kulipiga nyundo, vipande visiruke machoni, kisha msome uso mpya, kwani ule wa nje umeshaliwa na mvua na jua.

Halafu likwaruzeni kwa msumari. Kwenye mawe ya mchanga ya vilima vya Kigoma mtaona mstari wa kijivu na mtu atasema, "limechubuka." Paka mate kidoleni, usugue. Mstari ukifutika, ni chuma cha msumari kilichobaki juu ya jiwe. Punje zikidondoka pia msiseme jiwe ni laini: kwatsi, madini ya punje hizo, ni ngumu kuliko msumari, kilicholegea ni kile kinachozishikanisha.

Kupima chokaa, lowesheni jiwe kwa maji kwanza ili hewa iliyo ndani itoke, ndipo mdondoshee siki: povu ndilo dalili ya chokaa. Lakini povu la hewa limewadanganya wengi. Siki ni dhaifu, kwa hiyo likwangueni jiwe lipate unga kidogo na mtazame kwa karibu.

Bonde la ufa ni jepesi zaidi. Pandanisheni karatasi mbili ngumu mezani, mwageni juu yake mchanga mkavu wa sentimita nne wenye mistari ya unga wa sembe, kisha wawili wazivute taratibu, kila mmoja upande wake. Katikati hudidimia. Mchanga ukiwa na unyevu hupasuka mabonge na somo linaharibika. Hapo ndipo pa kuwaambia kwamba Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya bonde la ufa, lina kina cha hadi mita 1,470 hivi, na pale penye kina kirefu zaidi sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari.