Wasomaji Wanauliza: Kazi za Picha za Tiba

SWALI: Namaliza sekondari na nasikia picha za tiba zina ajira. Ni lazima niwe daktari?

JIBU: La. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayesoma picha na kuandika ripoti, na huyo husomea udaktari kwanza, kisha ubingwa kwa miaka kadhaa. Anayempanga mgonjwa, kuchagua kiasi cha mionzi na kupiga picha ni radiografa mwenye stashahada au shahada. Wapo pia sonografa wa ultrasaundi (picha za mawimbi ya sauti), mwanafizikia wa tiba anayehakiki mionzi ya mashine, na mhandisi wa vifaa tiba. Huyu wa mwisho husahaulika sana, ilhali mashine ya CT, ile inayopiga eksirei za mwili kwa vipande, ikigoma, foleni yote inamsubiri yeye. Shikilia fizikia na baiolojia, hisabati usiitupe.

SWALI: Mashine za sasa ni za kidijitali. Radiografa si mbonyeza kitufe tu?

JIBU: Tuchukue eksirei ya kifua, inayoonekana nyepesi kuliko zote. Mgonjwa husimama kifua kikigusa kipokezi cha picha, mrija wa mionzi ukiwa nyuma yake umbali wa sentimita 180 hivi, ili kivuli cha moyo kisikuzwe. Mabega husukumwa mbele, la sivyo makombe ya mabega yatafunika mapafu. Avute pumzi ndani kabisa, aishikilie. Hapo ndipo kitufe kinapobonyezwa.

Picha ikitoka, tazama ncha za ndani za mitulinga. Zisipokuwa mbali sawasawa na mstari wa uti wa mgongo, mgonjwa alijipinda, na pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine bila ugonjwa wowote. Kisha hesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo: zikifika 9 au 10, sawa. Zikiwa 7, hakuvuta pumzi ya kutosha. Moyo utaonekana mkubwa na chini ya mapafu patakuwa na weupe wa kumhangaisha daktari bure. Kompyuta hurekebisha mwanga wa picha, haimnyooshi mtu aliyejipinda. Tena ina hila yake: zamani ukizidisha mionzi filamu ilitoka nyeusi, ukaumbuka. Leo picha hutoka safi tu, na mgonjwa amebeba mionzi isiyohitajika. Ndiyo maana inafaa kuzoea kusoma kipimo cha mionzi kinachoandikwa na mashine kwa kila picha.

SWALI: Naogopa mionzi, na bado nataka kuzaa.

JIBU: Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisieverti (kizio cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Ukishika mimba, toa taarifa mapema: mtoto aliye tumboni hatakiwi kupata zaidi ya milisieverti 1 kwa muda uliobaki. Umbali ni kinga kubwa, kwani ukiuzidisha mara mbili, mionzi hushuka hadi robo. Kipima mionzi kivae. Ukikisahau mfukoni mwa koti lililotundikwa, kitakuwa kinalipima koti.

Ultrasaundi na MRI (picha za sumaku) hazitumii mionzi hiyo, lakini zina hatari zake. Sonografa huumia bega na kifundo cha mkono akifanya kazi mkono ukiwa umenyanyuliwa. Kitanda kipandishwe, mgonjwa asogezwe karibu. Sumaku ya MRI nayo haizimwi mgonjwa akitoka. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa chumbani, unaruka kama kombora.

SWALI: Akili bandia haitatunyang'anya kazi?

JIBU: Inasaidia kupima uvimbe na kutanguliza picha za dharura kwenye foleni ya daktari. Mzee aliyevunjika nyonga, anayelia kwa maumivu na hawezi kugeuka, bado anahitaji mtu wa kumpanga. Unapochagua chuo, usivutiwe na picha za mashine kwenye kipeperushi: uliza wanafunzi hukaa hospitalini saa ngapi, na kama cheti chake kinakubaliwa na baraza linalosajili wanataaluma hao.