Mdogo wangu anasema hajui kama Mungu yupo. Amefikaje huko?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Tumelelewa pamoja, tukasoma madrasa pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa akihifadhi haraka kunishinda. Sasa anajiita agnostiki. Anasema hakatai kwamba Mungu yupo, ila hajui, na hakuna binadamu anayeweza kujua. Hanywi pombe, hana marafiki wabaya, kwa hiyo sielewi. Mtu huanzaje mpaka akafika hapo? Na je, nimkate? Niwaambie wazazi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, dada yangu.

Umefanya vyema kutaja kwamba hanywi wala hana marafiki wabaya, kwa sababu jibu la haraka ambalo wengi wetu tungekupa ni kwamba kijana kafuata matamanio. Wapo wa namna hiyo, anayesema "sijui" kwa kuwa akijua itambidi aache jambo analolipenda. Lakini kumbandika kila mmoja sababu hiyo ni dhuluma, na kijana mwenye akili akiisikia huona kabisa kwamba hujamsikiliza.

Kauli yake si ngeni. Suratul Jaathiya, aya ya 32, inawataja watu walioambiwa kwamba Kiyama hakina shaka, wakajibu: "Hatujui Saa ni nini. Tunadhani dhana tu, wala hatuna yakini." Wanazuoni wa ilmu ya kalamu, yaani elimu ya kutetea itikadi kwa hoja, nao waliwajadili watu waliowaita laa-adriya, ambao kila wakiulizwa husema hawajui. Jina la agnostiki lenyewe ni la juzijuzi: lilibuniwa mwaka 1869 na mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Huxley.

Kisa cha Huxley kina funzo kwetu sisi tunaohubiri. Mwaka 1860 alifiwa na mwanawe Noel, ambaye hakuwa ametimiza miaka 4. Rafiki yake Charles Kingsley, aliyekuwa kasisi, alimwandikia kumfariji kwa matumaini ya Akhera. Huxley alimjibu kwa adabu kwamba hawezi kuamini jambo kwa sababu tu analitamani. Katika barua hiyohiyo akamweleza kilichomkera mazikoni: yalisomwa maneno kwamba ikiwa wafu hawafufuliwi, basi tule na tunywe, maana kesho tutakufa. Aliona ametukanwa, kana kwamba baba aliyefiwa akikosa yakini ya ufufuo, kilichobaki ni awe mnyama. Shaka yake haikuzaliwa siku ile, alikuwa nayo tangu kabla. Lakini mtu kasimama mbele ya jeneza la mtoto wake, na neno la dini lililomfikia likawa la kumchoma.

Sisi je? Mara ngapi mfiwa ameambiwa asilie kwa kuwa kulia ni upungufu wa imani? Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hadithi iko katika mkusanyo wa Bukhari. Kwa hiyo kabla hujatafuta hoja za kumjibu mdogo wako, jiulize kama kuna aliyemfia, au dua aliyoiomba kwa muda mrefu akaona haikujibiwa. Wengi wanaokuja kwetu na "sijui" huileta kama fikra, ukikaa nao unakuta chini yake kuna msiba.

Njia ya pili ni swali lililonyamazishwa. Mtoto anauliza nani kamuumba Mungu, au kwa nini mtoto mchanga anaumwa, mwalimu anamwambia "astaghfirullah, usiulize hivyo." Mtoto hulisahau somo lakini hausahau ule ukali. Akikua hudhani swali lake halina jibu, kumbe mwalimu tu ndiye hakuwa nalo. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia wanapata ndani ya nafsi zao mambo ambayo ni makubwa mno kwao kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyapata, wakasema ndiyo, akasema: hiyo ndiyo imani ya wazi (mkusanyo wa hadithi wa Imamu Muslim). Yaani ule uzito wao wa kuyatamka ndio dalili ya imani. Na mwanzo wa Surat Abasa, Mtume mwenyewe alitanabahishwa na Mola wake kwa kumgeuzia uso kipofu aliyemjia akitaka kujifunza. Mwalimu anayemfokea mwenye kuuliza aisome sura hiyo taratibu.

Ziko sababu nyingine: viongozi wa dini wanaokula amana, au mtu kusikia kwamba sayansi imemaliza mjadala, jambo ambalo sayansi yenyewe haidai. Sizidharau, ila kwa kijana aliyekuwa akihifadhi vizuri kama ulivyonieleza, nahisi iko moja iliyo karibu naye zaidi. Anakutana na watu wema wa dini nyingine, nao wana yakini kama yake, nao wameipata kwa wazazi wao kama yeye. Anajiuliza: ningezaliwa kwao, je? Swali hilo ni halali. Qur'ani inawalaumu wanaosema tunafuata tuliyowakuta nayo baba zetu. Imamu Sanusi, mwanazuoni wa itikadi aliyefariki mwaka 1490, alikuwa mkali sana juu ya imani ya kufuata tu bila dalili, ingawa wanazuoni wengi wamesema imani ya mtu wa namna hiyo inasihi. Mdogo wako alipewa maneno akayahifadhi. Inawezekana dalili hakupewa.

Imamu Ghazali aliandika mwenyewe kwamba alikaa karibu miezi miwili katika shaka iliyogusa hata yale ayaonayo kwa macho, na kwamba hakutoka kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Sikuambii hoja hazifai. Nakuambia usitegemee kumshinda kwa mjadala wa usiku mmoja.

Sasa kuhusu maneno yake, ameunganisha mambo mawili. "Mimi sijui" ni habari ya nafsi yake, na huwezi kuibishia. "Hakuna awezaye kujua" ni dai juu ya watu wote, na hilo alithibitishe. Ameujuaje mpaka wa elimu ya kila mtu? Sehemu ya anayoyasema hata sisi tunayakiri: Suratu Taha, aya ya 110, inasema viumbe hawamzunguki Mola kwa elimu yao, yaani hawawezi kumjua kikamilifu. Ila kutomzunguka si sawa na kutojua kwamba yupo. Msomee Suratut Tur, aya ya 35: "Je, wameumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji?" Jubayr bin Mut'im alipomsikia Mtume akiisoma katika swala ya Magharibi alikuwa bado mshirikina, na alisimulia kwamba moyo wake ulikaribia kuruka.

Hukumu nayo siifichi. Imani katika Uislamu ni yakini, na Suratul Hujurat, aya ya 15, inawasifu walioamini kisha wasitie shaka. Mtu akiituliza shaka moyoni akairidhia, huyo hayumo katika imani. Lakini kumhukumu mtu fulani kwa jina lake kuna masharti, na si kazi yako wala yangu kwa kusoma ujumbe mmoja.

Usimkate. Asmaa binti Abu Bakr aliuliza kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, Mtume akamwambia amuunge, yaani adumishe undugu naye. Ikiwa huyo aliungwa, mdogo wako ambaye bado anasema "sijui" ana haki zaidi.

Wazazi usiwaambie kwa sasa, isipokuwa yeye mwenyewe akiridhia. Wakilipata kwako watalipokea kama kesi, naye ataacha kukueleza yaliyomo moyoni. Muulize kwanza lini ilianza, kisha umwache aseme mpaka amalize. Akikubali kuonana na mtu wa elimu, mtafutieni anayestahimili kuulizwa. Wallahu a'lam.