Mpira, Majirani na Bei ya Nyumba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mambo ambayo majirani hawachoki kuyazungumza jioni wanapokutana: timu ya mtaa, uwanja wake, na thamani ya nyumba zinazouzunguka. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika yuko karibu kutoa akiba ya miaka mingi na hana muda wa kupoteza.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba iliyo mwendo mfupi tu kutoka mahali ambapo klabu imetangaza kujenga uwanja mpya. Dalali anasema bei itapanda maradufu uwanja ukishafunguliwa, kwa hiyo tuharakishe. Mzee anayeishi nyumba ya pili anasema tutajuta, kwa kuwa siku za mechi hatutapata hata pa kupitisha gari. Majirani wengine wamegawanyika kwa timu wanazoshabikia, kiasi kwamba sijui nani anazungumzia nyumba na nani anazungumzia mpira. Tumwamini nani?
*Mama wa watoto wawili*

JIBU: Mama mpendwa, mwamini kila mmoja kwa lile analolijua. Mzee anaijua siku ya mechi ilivyo, na dalali anajua nyumba zinauzwa kiasi gani leo. Bei ya miaka 10 ijayo haijui yeyote kati yao, na anayekuhimiza uharakishe kwa sababu ya bei hiyo anakuomba ulipie kitu ambacho hana uwezo wa kukuahidi.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama uwanja huo umekwisha kuingizwa ndani ya bei unayotajiwa. Mwaka 2014 wachumi Gabriel Ahlfeldt na Georgios Kavetsos walichapisha uchunguzi wao kuhusu bei za nyumba jirani na viwanja viwili vya London, yaani Emirates, uliofunguliwa mwaka 2006, na Wembley mpya, uliofunguliwa mwaka 2007. Waliona kwamba bei zilipanda kweli, lakini waliona pia kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilijitokeza mara tu mipango ilipotangazwa, kabla mashabiki hawajakanyaga ndani ya uwanja. Maana yake ni kwamba aliyefaidika zaidi ni yule aliyekuwa na nyumba kabla ya tangazo. Wewe unanunua baada ya tangazo. Ikiwa muuzaji ameongeza bei kwa sababu ya uwanja, basi faida amekwisha kuichukua yeye, na hatari ya mradi kuchelewa au kufutwa inabaki kwako.

Jambo la pili ni kujua kinachopandisha bei hasa, kwa sababu mabao hayapandishi. Uwanja mkubwa unapojengwa vizuri huja pamoja na barabara zilizotengenezwa, usafiri wa umma, taa, maduka na nyumba mpya, na watafiti hao wawili walisisitiza kwamba hata umbo la jengo lenyewe lina nafasi yake: uwanja unaopendeza huunyanyua mtaa. Lakini klabu kubwa peke yake haitoshi. Jirani na Anfield, Liverpool, nyumba kadhaa zilizopakana na uwanja zilinunuliwa na klabu tangu miaka ya 1990 kwa matarajio ya kuupanua, kisha zikaachwa tupu, madirisha yakazibwa, huku klabu ikisita kwa miaka mingi kati ya kupanua palepale na kuhamia uwanja mpya. Jukwaa kuu lililopanuliwa lilifunguliwa mwaka 2016. Fikiria familia iliyobaki katikati ya safu ile, kushoto mlango umepigiliwa mbao na kulia paa limeanza kuvuja, ikisubiri uamuzi ambao haikuwa na sauti ndani yake. Klabu ilikuwa miongoni mwa klabu mashuhuri kuliko zote duniani, na umashuhuri huo haukuwasaidia majirani wale kuuza nyumba zao kwa bei ya haki. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, uliza kama mradi umepata kibali cha ujenzi au umetangazwa tu, kama fedha zake zimepatikana, na kama mtaa wako umo katika eneo litakalohitajika baadaye kwa upanuzi au maegesho. Maswali hayo yanajibiwa na ofisi ya mipango miji, na majibu yake yadai kwa maandishi.

Jambo la tatu ni la mzee, na mimi naliona zito kuliko wengi wanavyodhani. Nendeni, wewe na mume wako, kwenye uwanja ambao klabu inautumia sasa, siku ya mechi kubwa. Fikeni mapema, simameni mbele ya nyumba iliyo umbali sawa na ile mnayoitaka, na mkae mpaka watu watakapotawanyika. Tazameni barabara inafungwa saa ngapi na inafunguliwa saa ngapi, magari ya wageni yanaegeshwa wapi, watu wanajisaidia wapi vyoo vikijaa, na taka zinabaki mlangoni kwa nani. Ulizeni pia kama wakazi wanapewa vibali vya kuegesha siku za mechi, utaratibu ambao mitaa kadhaa inayozunguka viwanja vya London inao. Mkimpata mkazi mwenye watoto wadogo, mwulizeni wanalala saa ngapi.

Tena msiulizie mpira peke yake. Siku hizi viwanja hujengwa ili viingize fedha hata timu zikiwa mapumzikoni. Uwanja wa Santiago Bernabéu mjini Madrid ulipokamilika kukarabatiwa ulianza kupokea matamasha makubwa ya muziki, na wakazi wa jirani walilalamikia kelele mpaka klabu ikasimamisha matamasha hayo mwezi Septemba 2024. Watu hao walikuwa wamezoea mechi kwa miongo mingi; kilichowashinda ni muziki wa usiku. Wembley kibali chake kinaweka kikomo cha idadi ya matukio makubwa kwa mwaka, na ni haki yenu kujua kama kibali cha uwanja wenu kina kikomo cha namna hiyo.

Mwisho, tafuteni mthamini asiyelipwa na muuzaji wala dalali, na mwambieni awape thamani ya nyumba hiyo kana kwamba uwanja hautajengwa kamwe. Kama bei mnayoombwa iko karibu na thamani hiyo, na nyumba yenyewe mnaipenda, nunueni kwa amani. Kama iko mbali nayo, punguzeni au ondokeni. Nyumba nzuri zipo na nyingine zitatokea.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na jirani yangu tumetaniana kuhusu mpira tangu ujana wetu. Timu yangu ikifungwa ananigongea dirisha usiku, na yake ikifungwa namsubiri getini asubuhi. Sasa nyumba yake imethaminiwa kwa bei kubwa kuliko yangu, ingawa zinatazamana, na utani wote umehamia huko. Juzi mbele ya wanangu alisema kwamba baba yao hajui kununua wachezaji wala nyumba. Watu walicheka. Mke wangu anasema nipuuze. Nifanye nini?
*Jirani wa upande wa pili*

JIBU: Kaka, namheshimu shemeji, lakini katika hili sikubaliani naye. Ukipuuza, utani huo utaendelea, nawe utaanza kumkwepa jirani uliyeishi naye muda mrefu bila yeye kujua sababu.

Utani wa mpira unavumilika kwa sababu unazunguka. Leo umefungwa wewe, baada ya wiki chache anafungwa yeye, na hakuna kati yenu aliyepiga penalti ile iliyokosewa. Nyumba ni jasho lako, pengine na deni lako la benki, na hakuna mechi ya marudiano. Anayekutania juu ya nyumba mbele ya watoto anagusa uwezo wako wa kuwatunza, hata kama hakukusudia. Mfuate akiwa peke yake, wakati hakuna aliyefungwa, na umwambie kwa maneno machache: ndugu yangu, timu yangu nitanie unavyotaka, lakini nyumba yangu na wanangu viache nje ya utani wetu. Usimweleze thamani, usijitetee, wala usimtumie mtu mwingine kumfikishia. Mtu aliyekugongea dirisha usiku kwa furaha kwa miaka yote hiyo ataelewa.

Kwa faida yako mwenyewe, ujue pia kwamba makadirio ya mthamini bado si fedha mkononi. Nyumba mbili zinazotazamana hutofautiana kwa ukubwa wa kiwanja, hali ya paa, usafi wa hati, na hata kwa sababu ya uthamini wenyewe, kwani thamani inayotolewa kwa ajili ya mkopo au bima inaweza isilingane na bei ya sokoni. Bei ya kweli hupatikana siku mnunuzi anapolipa, na jirani yako hajasema kwamba anauza.

SWALI: Mhariri, timu yetu imepanda ligi kuu. Tulifurahi sana, tulikesha. Wiki iliyofuata mwenye nyumba ametuarifu kwa mdomo kwamba kodi ya pango inapanda kwa sababu mtaa sasa una hadhi. Je, ana haki?
*Mpangaji*

JIBU: Hadhi ya ligi si kifungu cha mkataba. Soma mkataba wako uone kodi inaweza kubadilishwa lini na kwa taarifa ya muda gani, kisha mwombe taarifa hiyo kwa maandishi. Mpaka utakapoipata, endelea kulipa kodi iliyokubaliwa, kwa wakati, na utunze stakabadhi zote.

Ukizungumza naye, na uzungumze kwa adabu, mkumbushe yaliyowapata Luton Town wa Uingereza. Uwanja wao wa Kenilworth Road, wanaoutumia tangu mwaka 1905, umebanwa na nyumba za watu kiasi kwamba mashabiki wageni huingia kwa lango lililokatwa katikati ya safu ya nyumba za Oak Road, kisha hupanda ngazi zinazopita juu ya nyua za nyuma, ambako mtu anaweza kuziona nguo za wenyeji zilizoanikwa. Timu ilipanda ligi kuu mwaka 2023, ikashuka mwaka 2024, ikashuka tena mwaka 2025. Nyumba zile zilibaki zilezile, vyumba vilevile. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi, na aangalie kodi zinazolipwa katika nyumba zinazofanana na yako, na aeleze alichokitengeneza. Jambo moja tu katika madai yake lina uzito: wenye nyumba wengine karibu na viwanja huona faida kupangisha kwa wageni wa siku za mechi kuliko kwa familia. Ukiona dalili hiyo, omba mkataba wa muda mrefu mapema, hata ikibidi kukubali nyongeza ndogo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mmiliki wa klabu yetu anasema uwanja wa zamani umechakaa, na kwamba ardhi yake ikiuzwa kwa wajenzi wa nyumba tutapata fedha za kujenga mwingine nje ya mji. Wazee wa mtaa wanalia, vijana wanasema ni maendeleo. Je, mashabiki wana la kufanya?
*Katibu wa tawi la mashabiki*

JIBU: Ndugu Katibu, wanalo, lakini muda wa kulifanya ni kabla ya mauzo. Uwanja ulio katikati ya mji una thamani kubwa kama ardhi ya nyumba, na hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Si kila mauzo ni hasara. Arsenal ilipohama Highbury mwaka 2006, uwanja uligeuzwa kuwa makazi, kuta za majukwaa mawili ya kihistoria zikahifadhiwa, na pale ilipokuwa nyasi ya kuchezea pakawa bustani ya wakazi. Lakini klabu ilihamia karibu, na uwanja mpya ulikuwa tayari.

Hatari ni kuuza kwanza na kutafuta baadaye. San Lorenzo ya Buenos Aires ilipoteza uwanja wake wa mtaa wa Boedo mwaka 1979, wakati wa utawala wa kijeshi, na mahali pake pakajengwa duka kubwa la Carrefour. Mashabiki walidai ardhi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 mpaka bunge la jiji likapitisha sheria ya kuwarejeshea mwaka 2012, nao wakachanga fedha za kuinunua upya. Mashabiki wa Chelsea walikuwa na kinga bora zaidi: chombo chao kilichoanzishwa mwaka 1993, Chelsea Pitch Owners, kinamiliki ardhi ya Stamford Bridge pamoja na haki ya jina la klabu, na mwaka 2011, klabu ilipotaka kuinunua ardhi hiyo, pendekezo lilihitaji asilimia 75 ya kura likazikosa. Hata tajiri mkubwa alilazimika kuwasikiliza wenye hisa chache chache.

Anzeni ofisi ya ardhi. Tazameni hati ya kiwanja ina jina la nani, la klabu, la kampuni ya mmiliki au la serikali, na kama kuna rehani juu yake. Kisha mwandikieni mmiliki mkiomba mambo matatu: kiwanja kipya kiwe kimenunuliwa na kupata kibali kabla ya cha zamani kuuzwa, fedha za mauzo ziwekwe katika akaunti isiyoweza kutumika kwa mishahara au madeni, na klabu yenyewe, wala si kampuni binafsi ya mmiliki, iandikwe kwenye hati ya uwanja mpya. Akikataa la tatu, pelekeni barua hiyo na jibu lake kwa mamlaka ya mipango miji kabla maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi hayajasikilizwa.